Je, Siamese Dream ni albamu ya bendi au ya mtu mmoja?

Msomaji wa Mwanza ananiandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimeipenda sana Siamese Dream, albamu ya bendi ya roki ya Marekani Smashing Pumpkins, mjomba wangu ndiye aliyenionjesha. Sasa kuna rafiki yangu anashikilia kwamba mwimbaji wao, Billy Corgan, alipiga magitaa yote na besi peke yake, wenzake walikuwepo kwa ajili ya kupigwa picha tu. Ni kweli? Kama ni kweli, kwa nini tuiite albamu ya bendi? Na anaongeza kwamba hiyo wala siyo grunge, ule muziki wa roki wa Seattle."

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako hajasema uongo, ila ameishia nusu ya habari. Sehemu kubwa ya magitaa na besi unazozisikia humo kweli ni mikono ya Corgan, na wahusika wenyewe wamelisema hilo hadharani kwa miaka mingi. Lakini dramu ni za Jimmy Chamberlin, na kwa masikio ya mtu anayeshinda studio kama mimi, ukimtoa Chamberlin albamu hiyo haipo. Mpiga gitaa mwenzake, James Iha, naye ana mchango mahali ambapo watu hawana kawaida ya kutazama. Mimi naiita albamu ya bendi bila kusita, ingawa ni bendi iliyokuwa inaumizana wakati inairekodi.

Turudi nyuma kidogo. Kundi lilianza Chicago mwaka 1988, Corgan na Iha kwenye gitaa, D'arcy Wretzky kwenye besi, na mahali pa mpiga dramu palikuwa na mashine. Joe Shanahan, mwenye klabu ya Metro pale pale Chicago, alikubali kuwapandisha jukwaani kwa sharti moja: watafute binadamu wa kupiga dramu. Ndipo akapatikana Chamberlin, kijana wa mji wa Joliet aliyekulia kwenye jazi. Kumbuka sharti hilo la Shanahan, kwa sababu jibu langu karibu lote linalizunguka.

Albamu ya kwanza, Gish, ilitoka mwaka 1991 kwa lebo ndogo ya Caroline. Waliirekodi Smart Studios, Madison, jimbo la Wisconsin, kwa bajeti ya kama dola 20,000, na aliyeitayarisha ni Butch Vig. Hata kwenye Gish Corgan alikuwa ameshajitwika magitaa mengi na besi, kwa hiyo tabia hiyo haikuzaliwa kwenye Siamese Dream. Baada ya Gish, Vig huyo huyo akaenda California kurekodi na Nirvana, bendi iliyoisambaza grunge duniani. Nevermind ikatoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikaishusha Dangerous ya Michael Jackson kutoka kilele cha chati ya Billboard. Tangu siku hizo kila lebo Marekani ilikuwa inatafuta Nirvana yake, na macho yakageukia bendi ambayo ilikuwa imeshafanya kazi na prodyuza yule yule.

Mzigo huo ulimwangukia Corgan. Alizama kwenye sonona, akashindwa kutunga, na ameeleza waziwazi kwamba alifikia kuwaza kujiua. "Today" ilitoka kwenye shimo hilo. Ndiyo maana gitaa la mwanzo linang'aa na kuchangamka namna ile huku maneno yakizungumza jambo zito kabisa. Wengi wameuimba wimbo ule miaka nenda rudi bila kujua wanaimba nini.

Desemba 1992 wakahamia Triclops Sound Studios, Marietta, nje kidogo ya Atlanta, Georgia. Walikwenda mbali na nyumbani kwa makusudi, wakwepe kelele za marafiki wa Chicago, na zaidi ya yote wamtenge Chamberlin na watu waliokuwa wakimuuzia heroini. Haikusaidia. Alipata wengine huko huko, akawa anapotea siku kadhaa bila mtu kujua aliko. Iha na Wretzky nao walikuwa wapenzi waliotoka kuachana, na sasa wanakaa chumba kimoja kila siku. Lebo, ambayo sasa ilikuwa Virgin, inapiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Hadi wanamaliza, Machi 1993, walikuwa wameipita bajeti kwa takriban dola 250,000.

Sasa nikueleze kwa nini Corgan alishika karibu magitaa yote. Maelezo ya harakaharaka ni kwamba alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kiwe chake, na ubishi siwezi kukuwekea hapo. Lakini ipo sababu ya kiufundi, na hiyo haisemwi vya kutosha.

Chukua muziki wetu wa dansi. Kuna gitaa la solo, kuna rithim, kuna besi, na kila mmoja ana njia yake. Rithim akinyamaza unasikia pengo papo hapo. Siamese Dream haikujengwa hivyo. Humo magitaa mengi yanapiga kitu kile kile, moja juu ya jingine, mpaka usiweze tena kuhesabu. Wimbo wa "Soma" peke yake unatajwa kuwa na tabaka za magitaa zinazofika 40. Ili magitaa 40 yasikike kama kitu kimoja kikubwa badala ya fujo, lazima yakubaliane kwenye mambo madogo sana: pigo la mkono wa kulia lianguke wakati mmoja, kidole cha kushoto kiuvute uzi kwa kiasi kile kile, noti ikatwe pamoja. Watu wawili hodari kila mmoja ana mkono wake. Ukiwapanga mmoja kushoto na mwingine kulia unapata uchangamfu mzuri, kama wa bendi iliyoko jukwaani. Ukitaka ukuta usio na ufa, mkono mmoja unafanya kazi hiyo haraka zaidi.

Halafu kuna suala la fazi, yaani sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi. Corgan alikuwa anapitisha gitaa lake la Stratocaster kwenye Big Muff ya zamani, kile kisanduku cha miguuni kinachoikata sauti mpaka inakuwa nene na inadumu muda mrefu, kisha kwenye amplifaya ya Marshall. Kifaa kile ni kitamu na ni kigumu kwa wakati mmoja. Kinafuta ncha ya pigo, kinapunguza sauti za katikati, na kinakuza kila kosa la tuning: nyuzi mbili zikipishana kidogo tu unasikia mtetemo mbaya unaozunguka. Zidisha hilo mara kumi, mara ishirini. Besi nayo lazima ikae chini ya ukuta huo bila kuusukuma juu wala chini. Ndiyo sababu Vig na Corgan walikuwa wakikaa na kipande cha sekunde 45 kwa siku mbili nzima, na kufanya kazi saa 16 kwa siku, wiki baada ya wiki.

Na kumbuka hii ni tepu. Kazi yao haikuwa ya kusogeza noti kwa kipanya kwenye skrini ya kompyuta. Mashine ya kawaida ilikuwa na treki 24, yaani njia 24 za kurekodia, kwa hiyo ukitaka tabaka nyingi kuliko hapo unazichanganya kadhaa ziwe treki moja au mbili, na ukishazichanganya hurudi nyuma. Kuhariri kulimaanisha kuikata tepu kwa wembe na kuiunga upya. Kwenye solo ya "Cherub Rock" kuna ule mvumo unaojikunja na kupaa angani: ni ujanja wa kale wa kuchezesha tepu mbili zenye sauti ile ile na kuichelewesha moja kidogo kwa mkono. Leo ni kitufe, lakini solo ile ninaipenda kuliko matokeo ya kitufe chochote, kwa kuwa mwendo wake haulingani kutoka sekunde moja hadi nyingine.

Kwa hiyo, kwa upande wa sauti, namuelewa Corgan. Kwa upande wa utu, hapana. Kumwambia mwenzako ambaye mmelala naye kwenye gari moja la ziara kwamba sehemu yake utaipiga wewe, kwa sababu wewe unaimaliza kwa mikupuo miwili na yeye kwa ishirini, ni jambo linalokata. Vig amesimulia hali ilivyokuwa: D'arcy akijifungia msalani, Iha akikaa kimya, Corgan naye akijifungia kwenye chumba cha mitambo. Albamu nzuri haifuti hayo, na mimi sipendi masimulizi yanayogeuza maumivu ya watu kuwa sifa ya kazi.

Sasa tuje kwa Chamberlin, maana hapa ndipo rafiki yako alipopotea njia.

Gitaa lililopita kwenye fazi halina juu wala chini. Ulipige kwa nguvu au kwa upole, ukubwa wa sauti unabaki karibu ule ule. Weka magitaa 20 ya namna hiyo na umepata kitu kikubwa kisichopumua. Nani basi anakuambia kwamba wimbo unavuta pumzi, unajikusanya, unalipuka? Ni dramu peke yake. Mpiga dramu wa kawaida wa roki angeweka pigo nzito moja na nyingine, na albamu ingekuwa ukuta kweli, dakika 62 za ukuta. Chamberlin alikuja na mikono ya jazi. Kati ya pigo kubwa na pigo kubwa anatia vipigo vidogo vya chinichini kwenye snea, ile dramu ndogo yenye sauti kali, ambavyo huvisikii waziwazi lakini ukivitoa wimbo unalegea. Anajua kuziingia nafasi na kuziacha.

Fungua albamu yenyewe. Sauti ya kwanza kabisa siyo gitaa la Corgan. Ni Chamberlin, mkunjo wa snea unaoifungua "Cherub Rock", halafu gitaa moja linaingia, besi inafuata, kisha magitaa yote yanaangukia juu yake. Nenda baadaye kwenye "Geek U.S.A." Usimfuate mwimbaji, fuata mikono ya mpiga dramu tu. Anakimbia kwa kasi ya ajabu na bado kila mzunguko wa tomu unasema kitu tofauti na uliopita. Katikati wimbo unasimama ghafla, unakuwa mpole, kisha yeye ndiye anayeurudisha motoni. Nimewachezea wapiga dramu vijana wimbo huo studio na mara zote wanaomba niurudishe nyuma kabla haujaisha.

Ushahidi mwingine umeletwa na historia yenyewe. Julai 1996 Jonathan Melvoin, aliyekuwa akiwapigia kinanda kwenye ziara, alifariki New York kwa kuzidisha dawa. Chamberlin alikuwa naye usiku huo, na bendi ikamfukuza. Albamu iliyofuata, Adore ya mwaka 1998, ikatengenezwa kwa mashine za dramu na wapigaji wa kuazima. Corgan alikuwepo, sauti yake ipo, utunzi wake upo, na kwa kweli Adore ina nyimbo nzuri zenye huzuni ya kweli. Lakini ile bendi ya Siamese Dream huisikii humo hata kwa dakika tano. Kama Corgan peke yake ndiye aliyekuwa Smashing Pumpkins, kuondoka kwa mpiga dramu kusingebadilisha kitu kikubwa kiasi kile. Alirudi mwaka 1999.

Kuhusu Iha, watu huangalia nani kapiga na kusahau nani katunga. "Soma" na "Mayonaise" zimeandikwa kwa majina mawili, Corgan na Iha. Sasa waulize mashabiki wa albamu hii wimbo wanaoubeba moyoni, na utashangaa ni mara ngapi watakutajia "Mayonaise", ambao wala haukutolewa kama singo. Ule mfuatano wa kodi za gitaa (chords) unaotiririka taratibu mwanzoni ni wa namna ambayo Corgan akiwa peke yake hakuwa na kawaida ya kuandika. Kwenye wimbo huo huo sikiliza pale gitaa linapokatika ghafla: kuna mluzi mdogo unaobaki. Ulitoka kwenye gitaa la bei rahisi ambalo lilipiga mluzi lenyewe kila Corgan alipoacha kupiga. Fundi mwenye haraka angeufuta. Wao waliuacha ukawa sehemu ya wimbo, na sasa hakuna anayeweza kuuwaza wimbo bila huo mluzi.

Wretzky ni vigumu kumtetea kwa kuonyesha kidole kwenye tepu. Mchango wake ulikuwa zaidi jukwaani, na kwenye sura na tabia ya kundi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba bendi yenyewe iliona jeraha. Walipoingia kutengeneza Mellon Collie and the Infinite Sadness, albamu ya 1995 iliyoanza moja kwa moja nafasi ya 1 Marekani, waliwachukua watayarishaji wengine, Flood na Alan Moulder. Flood akawalazimisha kupiga pamoja kila siku, na Iha na Wretzky wakapewa nafasi kubwa zaidi. Bendi isiyokuwepo hairekebishi uhusiano wake.

Hilo la grunge sasa. Hapa rafiki yako ana hoja, ila naona anaifikia kwa njia isiyo sahihi.

Mwezi ule ule wa Februari 1993 ambao Smashing Pumpkins walikuwa Marietta wakipanga tabaka juu ya tabaka, Nirvana walikuwa studio ya Pachyderm huko Minnesota na fundi wa kurekodi Steve Albini. Walirekodi na kumiksi In Utero kwa wiki mbili hivi. Wiki mbili upande mmoja, upande mwingine miezi, na baada ya miezi hiyo Alan Moulder akaongeza zaidi ya mwezi wa kumiksi. Moulder aliletwa kwa sababu alikuwa ameshughulikia Loveless ya My Bloody Valentine, albamu ya mwaka 1991 ambayo Corgan aliipenda mno kwa jinsi magitaa yake yanavyoyeyuka. Sikio la Corgan lilikuwa pale, na kwa makundi makubwa ya miaka ya sabini kama Queen na Boston, ambao baadhi ya watu wa grunge waliwaona ni anasa na majivuno. Hata kijiografia, Seattle na Chicago ziko mbali.

Albini mwenyewe, naye akiwa mkazi wa Chicago, aliandika barua kwenye gazeti la Chicago Reader mwaka 1994 akiwaponda Smashing Pumpkins pamoja na wanamuziki wengine wa Chicago, Liz Phair na Urge Overkill, kwamba ni watu wa biashara waliojivika nguo za muziki huru. Dharau ya namna hiyo Corgan alikuwa ameisikia tangu zamani, na "Cherub Rock" ni jibu lake kwa watu wa muziki huru waliokuwa wakiamua nani ni wa kweli na nani siyo. Virgin walitaka "Today" itangulie kama singo. Yeye alishikilia "Cherub Rock", na akashinda.

Lakini tusijidanganye kwamba grunge ilikuwa sauti ghafi isiyoguswa. Nevermind nayo ina magitaa yaliyorudufiwa na sauti ya Kurt Cobain imerudufiwa vilevile. Cobain hakupenda kuimba mara mbili, mpaka Vig akamwambia kwamba John Lennon alifanya hivyo hivyo, ndipo akakubali. Mtu aliyewafundisha wote wawili kurundika tabaka ni yule yule Butch Vig. Tofauti ni kwamba Nirvana walirundika kidogo na wakaona haya baadaye, Smashing Pumpkins wakarundika mpaka mwisho na hawakuona haya hata kidogo. Mimi nawaweka ndani ya zama za grunge na nje ya mtindo wenyewe. Bila Nevermind kufungua milango ya redio, albamu ya magitaa 40 isingepewa fedha hizo zote wala isingeingia chati ya Billboard nafasi ya 10 ilipotoka Julai 1993. Baadaye iliuza zaidi ya nakala milioni 4 Marekani pekee, na ndiyo iliyowafikisha kwenye kilele cha orodha ya tamasha la Lollapalooza mwaka 1994, baada ya Nirvana kujiondoa.

Nakushauri uisikilize tena kwa hedfoni, siyo kwa spika ya simu. Spika moja inazichanganya pande mbili kuwa kitu kimoja, na kazi yote ya Moulder ya kuyapanga magitaa kushoto na kulia inapotea. Anza na "Soma" ukiwa umetulia. Mwanzo ni mpole kabisa, na piano iliyomo ni ya Mike Mills wa bendi ya R.E.M. Ngoja mpaka magitaa yaingie yote. Usipandishe sauti kabla ya hapo, utajutia.

Na ukitaka kumpa rafiki yako haki yake, mpe "Disarm". Humo seti ya dramu haipo, wala ukuta wa fazi haupo. Kuna gitaa kavu, fidla na selo, kengele na mapigo mazito ya okestra, na Corgan akiimba utoto wake kwa sauti inayokaribia kupasuka. BBC walikataa kuuonyesha kwenye kipindi chao cha muziki cha televisheni, Top of the Pops, kwa sababu ya mstari unaotaja kumkata mtoto mdogo, na bado ukafika nafasi ya 11 Uingereza. Wimbo huo ni wa Corgan peke yake, na hapo mimi na rafiki yako hatubishani.